Mwana wa Mfalme Aliyeacha Kusimulia

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Prince of Persia: The Sands of Time, uliotoka mwaka 2003, mchezaji akikosea hatua na mwana wa mfalme akaporomoka gengeni, mambo hayaishii pale. Husikika sauti. Ni sauti ya mwana wa mfalme mwenyewe, nayo hukikanusha kile kilichotokea mbele ya macho yako: la, haikuwa hivyo, mimi sikufa pale, hebu nirudie. Ndipo mchezaji akarudishwa nyuma kidogo na kupewa nafasi nyingine. Kwa asiyeijua michezo hii, jambo hili litaonekana dogo. Kwangu mimi, niliyelelewa kwa hadithi za usiku, lilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Maana yake ni kwamba yote unayoyatenda kwa vidole vyako yamekwisha kutokea, na mtu fulani, mahali fulani, anamhadithia mtu mwingine. Wewe uliyekaa mbele ya kioo ni ulimi wake tu. Ukianguka, ni msimulizi aliyeteleza ulimi.

Ninayotaka kuyaandika hapa ni yaliyoipata sauti ile mwaka mmoja baadaye. Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na najua kwamba wapo watakaoshangaa kuona mtu mzima akibeba kinyongo cha muda huo wote juu ya mchezo. Lakini wapenzi wa ushairi ndio watu wa mwisho wanaoweza kumcheka mtu kwa hilo, kwani wao wenyewe hukumbuka ubeti ulioharibiwa na mpiga chapa miaka 40 iliyopita.

Nianze na asili yake. Mchezo wa kwanza kabisa ulitungwa na Mmarekani Jordan Mechner, ukatoka mwaka 1989 kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Niliujua katika miaka ya tisini kwenye kompyuta ya ofisini kwa mjomba wangu, Mjini Unguja, saa za jioni wenye kazi wakishaondoka. Kijana ametiwa gerezani na Waziri Jaffar. Ana dakika 60, za saa ya kweli, kupanda kutoka shimoni hadi kileleni mwa kasri akamwokoe binti mfalme. Uzuri wake ulikuwa katika mwendo. Mechner alimpiga picha ndugu yake mdogo, David, akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha picha hizo moja moja mpaka zikawa kijana wa kwenye kioo. Ndiyo maana kijana yule alikuwa na uzito. Akikimbia kisha akataka kusimama, huburura miguu. Akidandia ukingo wa ukuta, unajua mabega yanamuuma. Sijapata kuona kabla ya hapo kikaragosi kilichojua kuchoka.

Na kulikuwa na hili la Uajemi. Sisi tulio visiwani tuna sababu zetu za kugeuza shingo tukisikia jina hilo. Tuna nasaba za Kishirazi, ziwe za damu au za dai (wanahistoria wangali wakizozana, nami siingii kati), tuna Msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, tuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi, na kila siku tunatia nanga bandarini kwa maneno yaliyotoka huko. Uajemi wa Mechner ulikuwa wa kubuni, wa sinema za zamani na wa Alfu Lela Ulela. Hata hivyo, mimi nilijiona mwenyeji.

Basi mwaka 2003 watengenezaji wa Montreal, Kanada, waliuhuisha mchezo huo, na Mechner mwenyewe akashiriki kuandika kisa. Mwana wa Mfalme Shahraman anamfuata baba yake vitani India, ana kiu ya sifa, anaingia hazina ya Maharaja na kuiba jambia lenye uwezo wa kurudisha nyuma wakati. Wanateka pia shisha kubwa ajabu, kile chombo cha kale cha kupimia saa kwa mchanga, nao wanaipeleka zawadi kwa Sultani wa Azad. Huko, Waziri wa Maharaja, mtu mwenye kifua kibovu na tamaa ya kuishi milele, anamshawishi kijana alitie jambia katika shisha. Mchanga wa Wakati unafumuka, na kila aliyemo kasrini anageuka zimwi la mchanga, akiwemo baba yake. Wanaosalia ni watatu: kijana, Waziri, na Farah, binti wa Maharaja aliyechukuliwa mateka.

Mengine yote ni usiku mmoja wa kupanda na kupigana, kijana na binti yule, wa kwanza akikimbia ukutani kwa upanga, wa pili akipenya nyufa kwa upinde wake. Hawaaminiani. Kijana anajisemea peke yake muda wote: anamlalamikia, anajikanya asimpende, anaona wivu, anajicheka. Katika giza la ngazi zisizokwisha Farah anamwambia siri ya utotoni, neno moja lisilo na maana, Kakolukia, ambalo mama yake alimfundisha kulitamka akiogopa ili mlango wa ajabu ufunguke. Karibu na mwisho Farah ananing'inia juu ya shimo, ameshika mpini wa jambia, kijana ameshika makali yake kwa mkono mtupu na damu inamtoka. Binti anaona. Anaachia.

Kijana anaurudisha wakati wote, usiku wote, hadi kabla ya vita. Hakuna kilichotokea. Baba yake mzima, kasri zima, Farah yu hai, hamjui. Na hapo ndipo tunapoelewa sauti tuliyokuwa tukiisikia tangu mwanzo ilikuwa ikizungumza na nani. Amepanda dirishani kwa Farah usiku, amemsimulia yote ili ajihadhari na Waziri, na sisi tulikuwa tukicheza simulizi hiyo. Shahrazadi alihadithia ili asiuawe. Huyu alihadithia ili asiuawe anayemsikiliza. Baada ya kumuua Waziri, Farah anamuuliza kwa nini ametunga kisa kisichosadikika namna ile. Anambusu; binti anakasirika; anaurudisha wakati sekunde chache, safari hii habusu, anakubali tu kwamba ilikuwa hadithi. Binti anamuuliza jina. Anamjibu kwa neno lile moja, na kuondoka gizani.

Nimesoma tamthilia nzuri zisizofikia ufundi wa dakika tano hizo.

Hapa inafaa nimtaje marehemu bibi yangu, mzaa mama. Mjomba alikuwa amekwisha kuhamia Maskat, naye ndiye aliyetuletea kompyuta ya nyumbani, na baadaye mchezo wenyewe katika diski. Kompyuta iliwekwa ukumbini kwa kuwa ndiko kulikokuwa na plagi ya kuaminika, na ukumbini ndiko bibi alikokaa. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu. Hakuona kitu kwenye kioo ila mwanga unaotembea, lakini masikio yake yalikuwa ya msichana. Aliisikia ile sauti, akataka kujua.

"Anasema nini huyo?"

Nikawa namfasiria. Mwanzoni nilifasiri kwa uvivu, sentensi moja kwa tatu. Bibi akanikemea, kwani yeye mwenyewe alikuwa mhadithiaji na alijua anapopunjwa. Kwa hiyo nikawa nacheza polepole, nikisimama kila kijana anapofungua kinywa. Nilipoanguka gengeni na sauti ikakanusha kifo changu, bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Yeye alikuwa na desturi hiyo hiyo. Akihadithia usingizi ukamchukua, akamuua sungura mahali asipostahiki kufa, alizinduka na kusema, "A'a, nawadanganya wajukuu zangu, haikuwa hivyo," akarudi nyuma hatua mbili.

Siku ya nne au ya tano, hatujafika hata katikati, alitamka neno ambalo silisahau.

"Huyu kijana anazungumza na mwanamke."

Nilimwuliza amejuaje.

"Mwanamume hajisuti hivyo mbele ya wanaume wenzake. Huyo anataka kusamehewa."

Aliutambua mwisho wa mchezo kwa sauti tu, ilhali mimi mwenye macho na Kiingereza changu cha shule sikuwa nimeshuku lolote. Tulipofika dirishani kwa Farah, nilimfasiria neno kwa neno. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na binti hamkumbuki?" Nikamwambia hamkumbuki. Akasema, "Maskini," na sikujua anamsikitikia yupi.

Sasa tuje kwa huo mwendelezo. Malenga wetu wana adabu yao katika jambo la namna hii. Mmoja akitoa fumbo kwa shairi, anayemjibu hushika bahari ile ile, na mara nyingi vina vile vile. Mombasa ya Muyaka bin Haji ilijaa majibizano hayo katika karne ya 19. Anayejibu ana uhuru mkubwa: anaweza kumpinga mwenzake, kumkejeli, kuligeuza fumbo likawa fumbo jingine. Bahari haigusi, kwa sababu bila ya bahari ile msikilizaji hatajua kwamba huyu anamjibu yule. Nikiulizwa kwa nini Prince of Persia: Warrior Within, uliotoka mwishoni mwa mwaka 2004, ulinivunja moyo, jibu langu fupi ni kwamba ulijibu shairi kwa kuvunja bahari.

Unafunguka baharini, usiku wa dhoruba. Miaka saba imepita. Mwana wa mfalme ana nywele za kuning'inia usoni, makovu, na uso wa mtu aliyekosa usingizi tangu tumwache. Jahazi lake linavamiwa na kundi la mashetani wenye deraya nyeusi, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Shahdee, ambaye mavazi yake ni machache kiasi kwamba mtu hushangaa yamekaaje mwilini katika upepo ule. Wanapigana. Na neno la kukumbukwa kutoka kinywani mwa kijana wetu, yule aliyekuwa akijisuta kwa haya mbele ya Farah, ni tusi kwa mwanamke huyo. Silitaji hapa. Damu inaruka. Gitaa za umeme zinanguruma. Wimbo wa bendi ya Kimarekani ya Godsmack, uliokwisha kutumika katika sinema ya The Scorpion King ya mwaka 2002, umechukua nafasi ya zile nyuzi na ngoma za mashariki alizozitunga Stuart Chatwood kwa mchezo wa kwanza, ingawa Chatwood mwenyewe aliendelea kuwamo kazini.

Hata sauti si ile. Yuri Lowenthal, aliyempa kijana ule ulaini na ile kejeli ya kujicheka, hakuwamo. Nafasi yake aliishika Robin Atkin Downes, mwigizaji stadi aliyepewa kazi ya kupiga kelele. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwamba sauti hii mpya haimsimulii mtu. Ukianguka gengeni, umeanguka. Hakuna anayekanusha. Hakuna dirisha, hakuna usiku, hakuna mwanamke anayesikiliza gizani. Yale unayoyatenda hayajapata kutokea na hakuna anayeyakumbuka, yanatendeka tu.

Bibi alisikiliza kwa muda, tasbihi mkononi. Mimi nilikuwa nimepunguza sauti ya muziki kwa ajili yake, na matusi nilikuwa nikiyaruka.

"Na huyu anazungumza na nani?"

"Hazungumzi na mtu, bibi."

Alikaa dakika chache zaidi kwa heshima, kama mtu anavyokaa kwa mgeni aliyekuja na habari zisizomhusu, kisha akaomba ashikwe mkono apelekwe chumbani. Hakurudi kuusikiliza. Nami nikaumaliza peke yangu, usiku, nimevaa vidude vya masikioni.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kisa chenyewe, ukikitoa katika kelele zile, kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Nasema hivi baada ya kukicheza mara tatu. Kwa kuufungua Mchanga wa Wakati kisha kuurudisha, kijana alistahiki kufa na hakufa. Kwa hiyo zimwi liitwalo Dahaka, mlinzi wa mkondo wa wakati, linamwinda. Miaka saba amekimbia. Mzee mmoja mwenye hekima anamwambia kwamba lililoandikwa halifutiki. Yeye anaamua kusafiri hadi Kisiwa cha Wakati, kwenye kasri la Malkia wa Wakati, aliyeuumba mchanga ule, ili amzuie kuuumba. Pasipokuwa na mchanga hakutakuwa na kosa, na pasipokuwa na kosa hakutakuwa na adhabu. Anafika, anahangaika, anampata Malkia, anapigana naye na kumuua. Na mwili wa Malkia aliyekufa ndio unaogeuka kuwa Mchanga wa Wakati. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuumba. Amekwenda mwendo wote ule kulitengeneza kwa mkono wake jambo alilokuwa akilikimbia.

Msomaji aliyepita chuoni atakuwa amekwisha kuikumbuka hadithi ya Nabii Suleiman na mtu aliyemwona Malaika wa mauti akimkodolea macho, ambayo Rumi pia ameitia katika Mathnawi. Mtu yule anamsihi Nabii aamuru upepo umchukue hadi India, naye akachukuliwa. Baadaye Malaika anaulizwa kwa nini alimkazia macho. Anajibu kwamba alistaajabu kumwona hapa, hali amekwisha kuamriwa aitwae roho yake siku ile ile huko India. Kadari haikimbiliki, na mara nyingine miguu ya mkimbizi ndiyo inayoibeba. Hadithi hiyo ina mistari michache na imekaa karne nyingi. Waandishi wa Warrior Within walikuwa nayo mkononi, wakawa na saa nyingi za kuisimulia, wakazitumia kuonyesha jinsi kichwa kinavyoweza kutenganishwa na kiwiliwili.

Na kasri lile! Mchezaji huingia katika milango inayomhamisha kati ya zama mbili, sasa na zamani. Katika zama za sasa kasri ni gofu: mizizi imepasua sakafu, mashine zimeshika kutu, madaraja yameanguka. Katika zama zilizopita lizima, taa zinawaka, maji yanakwenda, magurudumu yanazunguka. Chumba kile kile unakipita mara mbili, ukiwa na kumbukumbu ya kile kitakachokipata. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Sisi tumezoea kupita Maruhubi, kasri alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1882 likaungua mwaka 1899, tukazitazama nguzo zisizobeba dari na kujaribu kuwarudisha waliotembea baina yake. Kuna chumba kimoja katika Mnara wa Bustani ambako nilisimama bila ya kupigana, nikaenda zamani, nikarudi sasa, nikaenda tena, nikitazama tu majani. Kijana wa mchezo wa kwanza angelisema neno hapo. Angelinung'unika kitu kuhusu baba yake, au kuhusu bustani za kwao. Huyu alisubiri kimya nimwamuru akate.

Hata jina la zimwi lilikuwa hazina iliyoachwa bila ya kufunguliwa. Azhi Dahaka ni joka la imani za kale za Uajemi, na katika Shahnameh ya Firdausi ndiye Mfalme Zahhak, mwenye nyoka wawili waliomwota mabegani, ambaye mwishowe Feridun anamfunga katika Mlima Damavand. Dahaka wa mchezo ana pembe na minyiri kama ya pweza, na jambo moja tu la kupendeza: hawezi kuvuka maji. Nilipenda hilo. Zimwi lililokwama kwa kuogopa maji, kisiwani, ni wazo ambalo mtu wa Pemba angelichukua akalifanya kichekesho cha jioni nzima.

Haki iendelee mbele ya chuki. Mapigano ya mchezo wa kwanza yalikuwa dhaifu, na wahakiki wengi waliyalalamikia. Ulipigana na mazimwi yale yale kwa mapigo yale yale mpaka mkono ukachoka. Katika mwendelezo kijana aliweza kushika silaha ya pili kwa mkono wa kushoto, kumnyang'anya adui yake, kuirusha, kuzunguka nguzo akikata. Hapo watengenezaji walisikiliza na kutenda. Na zile mbio za kumkimbia Dahaka, ukuta hadi ukuta, bila ya kupewa nafasi ya kufikiri, zilinitoa jasho la kweli. Vijana wengi wa rika langu waliupenda mchezo wa pili kuliko wa kwanza, na mpaka leo wapo wanaonibishia barazani kwamba mimi nilitaka kusomewa hadithi ilhali wao walitaka kucheza.

Sababu ya mageuzi haya haikuwa siri. Mchezo wa kwanza ulimwagiwa sifa na tuzo, lakini mauzo yake ya mwanzo hayakulingana na sifa hizo. Ikadhaniwa kwamba kijana mpole anayejisemea hauziki. Anayeuzika ni mwenye hasira. Nchini Marekani mchezo wa kwanza uliruhusiwa kwa vijana wa miaka 13, wa pili ukawekewa alama ya watu wazima kwa ajili ya damu. Ajabu ni kwamba ule wa kwanza ndio uliokuwa wa watu wazima. Mechner, ambaye safari hii hakuwa miongoni mwa waliouandika, alieleza hadharani mwaka 2005 kwamba ukatili, kisa na mtindo wa mchezo huo havikuwa vya ladha yake. Niliposoma hayo nilifarijika kitoto, kama mtu aliyelalamikia chumvi katika mchuzi kisha akamsikia mpishi wa kwanza akikohoa.

Kuna kitu kingine, na hiki nadhani hakijazungumzwa vya kutosha. Katika mchezo wa mwaka 1989 kijana anapita katika kioo na kivuli chake kinatoka upande wa pili, kikawa adui. Mechner alifanya hivyo kwa dhiki: kumbukumbu ya Apple II ilikuwa ndogo, hapakuwa na nafasi ya picha za adui mpya, kwa hiyo alimtengeneza kutokana na picha za kijana mwenyewe. Dhiki ikazaa hekima. Karibu na mwisho unakutana na kivuli kile na kupigana nacho, na kila ukikichoma unajichoma. Njia ni moja tu, kuurudisha upanga alani na kukiendea; mnakuwa kitu kimoja. Niligundua hilo jioni moja baada ya kufa mara nyingi mno, na nilikaa nimeduwaa mpaka mlinzi akaja kufunga ofisi.

Warrior Within nao una kivuli chake. Kijana anavaa kinyago kinachomgeuza mzuka wa mchanga, anarudi nyuma saa chache, na anakuta kwamba yeye wa awali bado anatembea humo kasrini. Dahaka anataka mmoja. Yeye wa pili anapanga mambo ili yule wa kwanza achukuliwe, kisha anavua kinyago na kuendelea na shughuli zake. Nimelifikiria sana tukio hili. Mtu amemtoa mhanga nafsi yake mwenyewe, ameitazama ikiburutwa, na hana la kusema juu yake zaidi ya kuridhika kwamba mpango umefaulu. Kama kungekuwa na msimulizi, hapo ndipo ambapo sauti ingelikwama. Angelirudia. Angelisema la, haikuwa hivyo, akatamani ingekuwa hivyo.

Bibi alifariki katikati ya mwaka 2005. Mchezo wa tatu, Prince of Persia: The Two Thrones, ulitoka mwishoni mwa mwaka huo. Lowenthal alirudishwa, na usimulizi pia ukarudishwa, ijapokuwa safari hii msimulizi ni Kaileena, yule Malkia wa Wakati, ambaye katika mwisho wa siri wa mchezo wa pili kijana humwokoa badala ya kumuua na kurejea naye Babeli. Babeli inakutwa inaungua. Waziri yu hai, kwani mchanga haukufunguliwa na yaliyokuwa hayakuwa. Farah yumo tena, hamjui tena. Ndani ya kijana kumeota nafsi ya pili, nyeusi, inayomsemesha, na mwishowe haishindwi kwa upanga. Anaipa mgongo tu na kuondoka, karibu sawa na kijana wa mwaka 1989 alivyourudisha upanga alani. Niliona kwamba mtu fulani huko Montreal alikuwa ameurudia ule mchezo wa zamani, akakumbuka.

Mwisho wake wamekaa wawili juu ya kasri, mji umetulia, na Farah anamwuliza amelijuaje jina lake kabla ya kutajiwa. Kijana anaanza kumjibu, kwa maneno yale yale yaliyofungua mchezo wa mwaka 2003. Hadithi inaanza upya tangu mwanzo, kwa msikilizaji yule yule, na kioo kinakuwa cheusi.

Nilibaki nikijiuliza swali ambalo mchezo haulijibu. Safari hii kisa chake ni kirefu zaidi kuliko cha usiku ule wa dirishani. Atamweleza habari za India, na Azad, na ngazi za giza; neno la siri atalitamka na binti atashtuka. Kisha atafika kwenye ile miaka saba na kisiwa, jahazi, Shahdee, lile tusi, yule aliyemwacha aburutwe na Dahaka. Farah ni msikilizaji mkali, hapunjwi. Nimejaribu mara kadhaa kumtungia kijana maneno ya sehemu hiyo, kwa Kiswahili, kwa sauti, nikiwa peke yangu, na kila mara nimekwama pale pale jahazini.